Kozi Mbili za Tofali

Kwa miaka ishirini na sita opereta wa simu wa ofisi ya maji alikuwa akikata kona moja ya katikati ya mji bila kumuuliza mtu njia. Hakuwa anaona tangu utotoni, lakini kona ile ilikuwa yake kuliko ilivyokuwa ya wenye macho, ambao wengi wao ukiwauliza wamepita wapi asubuhi watakuna kichwa. Yeye aliijua kwa pua, kwa masikio na kwa nyayo. Kwanza unapita kwa kinyozi na redio yake isiyotulia kwenye stesheni moja. Halafu fundi wa makufuli, anayepiga tupa tangu alfajiri utadhani analipwa kwa kelele. Halafu tanuri la mikate, na hapo ndipo unapopinda kushoto. Ukikosa kupinda wakati mkate umekugonga puani namna ile, basi kosa ni lako.

Jengo lenye maduka hayo likavunjwa. Lilikuwa jengo la zamani la ghorofa moja, kuta zimepasuka na bati limechoka, na opereta mwenyewe alikuwa wa kwanza kukiri kwamba siku moja lingemwangukia mtu. Mahali pake palikuwa panapandishwa ghorofa sita, nyumba za familia juu na maduka chini, na muoka mikate alikuwa ameshaahidiwa duka lake. Kinyozi aliyahamishia makasi mtaa wa pili akisubiri. Hakuna aliyenuna. Hata opereta hakununa. Alichofanya siku ya kwanza ni kusimama tu, kwa sababu mlio wa fimbo yake, uliozoea kugonga ukuta na kumrudia, ulikwenda zake na haukurudi. Alihisi kama mtu aliyebisha hodi kwa nduguye akakuta wamehama.

Wala shida haikuwa jengo. Shida ilikuwa mchanga. Leo lundo liko kulia, kesho limekatwa nusu, keshokutwa limezaa lundo la kokoto. Mwenye macho huzunguka na kusahau, lakini mtu anayetembea kwa hesabu ya hatua anahitaji dunia itulie kidogo. Wiki ya pili alizama mchangani mpaka magotini, akacheka. Wiki ya tatu hakucheka. Alijikwaa kwenye nondo iliyoachwa njiani, akaangukia rundo la matofali, akapasuka juu ya jicho la kushoto.

"Afadhali hilo," aliwaambia waliokuja kumwinua. "Halina kazi."

Waliomwinua hawakujua kama inafaa kucheka. Mmoja wao, mwenye sauti iliyokwaruzika kwa miaka ya kufokea watu walio juu ya ngazi, alikuwa akiuliza kwa hasira nani ameacha nondo pale, nani, aseme mwenyewe. Huyo ndiye aliyekuwa nyapara, msimamizi wa mafundi. Opereta, damu ikimchuruzika mpaka kwenye kola, akainua kidole.

"Wewe nakujua. Ulikuwa unapiga simu kila asubuhi kutafuta maji ya ujenzi. Unakohoa kwanza, ndipo unasema habari za kazi."

Nyapara akasahau nondo. Ni kweli, wiki nzima ofisi ile ilikuwa imemzungusha, huyu hayupo, yule yuko kikaoni, yule mwingine faili lake liko kwa huyu wa kwanza. Mtu mmoja tu hakuwahi kumkatia simu. Na siku ya sita mtu huyo alimwambia taratibu, "Leo usimuulize mkubwa. Nakupeleka kwa fundi wa mabomba, yeye hupokea kabla ya chai." Kesho yake maji yakatoka.

"Kumbe ni wewe, mzee," nyapara alisema, na sauti ikashuka. "Nilitaka hata kuja kukushukuru. Nikaona aibu, kumshukuru mtu nisiyemjua sura."

"Hapo tuko sawa. Na mimi yako siijui."

Nyapara alimfunga kitambaa kichwani kwa mkono wake mwenyewe, akamfikisha mpaka mlango wa ofisi.

Aliyeshindwa kabisa kucheka alikuwa binti wa opereta. Binti huyu alikuwa mwalimu wa udereva. Gari lake lilikuwa na breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya kwake, na kwa miaka tisa alikuwa amewaokoa watu wengi kwa mguu wake wa kulia. Kazi ile ilikuwa imemwingia mwilini. Alipomwona baba yake na nyuzi nne juu ya jicho, alikaa kwenye kitanda cha chumba alichopanga mzee, akavuta pumzi, akasema maneno ambayo bila shaka alikuwa ameyapanga njiani.

"Baba, sitaki tubishane. Ukianguka tena, basi. Unaacha kazi, unakuja kukaa kwetu."

"Nimebakiza miaka miwili nistaafu, mama."

"Utastaafu mapema. Wenzako wanaomba."

"Wenzangu wamechoka. Mimi sijachoka."

"Mimi nimechoka. Kila simu ikilia asubuhi roho inanipaa."

Kwa binti yake kulikuwa na uwanja, wajukuu wawili wenye maneno mengi, na mkwe mpole. Alijua kabisa atapewa kiti kizuri barazani, chai ya saa nne na redio. Alikipenda kile kiti siku za Jumapili. Lakini kukalia kiti kile Jumatatu, na Jumanne, na Jumatano, akisubiri mtu arudi ndipo aongozwe mpaka getini, hilo lilimtisha kuliko nondo zote za mjini. Aliogopa kuwa mzigo, tena mzigo unaopendwa, maana huo hata hauwezi kulalamika.

Basi wiki iliyofuata akatembea kwa tahadhari mpaka mgongo ukamuuma. Na mafundi, kwa wema wao, wakazidi kumharibia. Tangu alipoanguka kila mmoja alijifanya mlinzi wake. Akionekana tu kwenye nguzo ya umeme, mwanzoni mwa kona, fundi mmoja anatupa mwiko, anakuja mbio, anamshika mkono, anampitisha. Alikuwepo mmoja mrefu, mwenye hatua kubwa, aliyemburuta kama mkokoteni. Alikuwepo mwingine ambaye wote walimwita Shemeji, ingawa hakuwa ameoa dada wa yeyote pale, na huyo alimsimulia habari za mpira njia nzima. Opereta aliwashukuru kutoka moyoni. Lakini mtu aliyeshikwa mkono hahesabu hatua, na kila siku iliyopita aliihisi kona ikimtoka kichwani.

Ijumaa jioni, mafundi wakiosha vifaa, akamfuata nyapara.

"Nina ombi. Ni dogo, lakini usiwaambie vijana wako, wataona nimewakataa."

"Sema, mzee."

"Nifungie kamba. Kutoka nguzo ya umeme mpaka mwisho wa uzio wenu wa mabati, chini, usawa wa goti, fimbo iifuate. Mchanga na uhamehame utakavyo, mradi hauvuki kamba."

Nyapara akakubali papo hapo. Jumamosi mchana, mafundi walipokwenda zao, akabaki peke yake akafunga kamba. Hapa ndipo mambo yalipoharibika, na ni kwa sababu alikuwa fundi mzuri. Mtu mwingine angefunga kamba ya kawaida, imelegea katikati, fundo huku na fundo kule. Nyapara alikuwa amejenga kuta kwa miaka thelathini na mkono wake haukujua kamba iliyolegea. Alipigilia vigingi. Akaivuta mpaka ikalia ukiigusa. Akaiwekea pimamaji, akaona upande mmoja umeshuka kidogo, akaurekebisha, ingawa fimbo ya kipofu haiulizi usawa. Akarudi nyuma hatua tatu, akafumba jicho moja, akaridhika. Akaenda nyumbani akiwa na furaha.

Jumatatu asubuhi opereta alitoka chumbani saa moja kasoro. Hakuwa amefika mbali alipogundua kwamba anafuatwa. Nyuma yake, kama hatua ishirini, kulikuwa na viatu anavyovijua tangu vilipokuwa vidogo. Mwendo wa mtu anayekanyaga kwa kisigino kwanza, kama mama yake. Binti yake hakuwa amemwambia kwamba atakuja. Alikuwa amekuja kumpima, kama anavyowapima wanafunzi wake, ila leo gari halikuwa na breki ya pili. Mzee akapiga moyo konde na hakugeuza kichwa. Akajiambia, hapa leo ama nitapita ama nitakalia kiti.

Akafika kwenye nguzo. Akanyoosha fimbo chini kutafuta kamba. Fimbo ikagonga kitu kigumu.

Akasimama. Akagonga tena. Ulikuwa ukuta. Akaupapasa kwa ncha ya fimbo, mfupi, usawa wa goti, unakwenda mbele. Kwenye kona ile hakukuwa na ukuta Ijumaa, wala nyapara hakuahidi ukuta, na wazo la kwanza lililomjia lilikuwa kwamba amepotea. Kwamba amehesabu vibaya akivisikiliza vile viatu, na yuko mahali asipopajua kabisa. Nyuma yake viatu navyo vilikuwa vimesimama. Alimsikia binti yake akivuta pumzi, pumzi ya mtu anayekaribia kuita.

Akainama haraka, akaweka kiganja juu ya ukuta. Ulikuwa na unyevu. Vidole vyake vikazama kwenye saruji laini, na pembeni, imebana uso wa tofali, akaigusa kamba.

Akaelewa, na nusura acheke peke yake barabarani. Mafundi walioanza kazi alfajiri walikuwa wameikuta kamba imevutwa, imepimwa, imenyooka, na fundi akikuta kamba ya namna hiyo haulizi ni ya nini. Anajenga.

Akanyanyuka, akaweka fimbo ubavuni mwa tofali, akatembea. Tok, tok, tok. Kamba isingempa mlio. Ukuta ulimpa, na si mlio tu. Juu yake, kutoka kwenye zege la ghorofa ya kwanza ambalo alikuwa hajawahi kulisikiliza vizuri, mlio ulirudi. Kona ilikuwa imeanza kumjibu tena. Jengo alilokuwa akilihesabu kama adui lilikuwa limefika kimo cha kuwa na sauti, naye hakujua, kwa kuwa kila siku alikuwa anapitishwa akisimuliwa mpira. Akatembea taratibu kuliko ilivyohitajika, ili aifaidi.

Ukuta ulikatika ghafla na kamba ikaendelea tupu. Wajenzi walikuwa hawajamaliza. Aliwasikia wamenyamaza, miko mikononi.

"Mzee," Shemeji alisema kwa sauti ndogo, "kuna ndoo mbele."

"Kulia au kushoto?"

"Kulia."

Akapita kushoto mwa ndoo, akaikuta kamba tena, akafika mwisho wa mabati, akapinda. Hakuguswa na mtu. Hapo ndipo gari dogo la mizigo liliposimama na nyapara akashuka akiwa ameanza kufoka kabla mguu haujafika chini.

"Nani kaniwekea ukuta hapa? Nani?"

"Tumekuta kamba," alisema yule mrefu.

"Kila kamba mnaijengea? Mngekuta kamba ya kuanikia nguo, mngejenga pia?"

"Kiongozi, kamba yenyewe imewekewa pimamaji. Nani anaanika nguo kwa pimamaji?"

Mlango wa pili wa gari ukafungwa. Alikuwa mhandisi, mwanamke wa sauti ya chini ambaye mafundi walimwogopa hasa kwa kuwa hakufoka. Alizunguka ukuta kimya. Kisha akauliza swali lilelile, ila yeye aliuliza mara moja tu.

Nyapara angeweza kuwasukumia mafundi, nao wasingembishia. Alikohoa. "Kosa ni langu. Kamba niliifunga mimi, ya huyu mzee. Haoni. Ndiye aliyetusaidia tukapata maji. Tutaubomoa sasa hivi."

Mhandisi akamgeukia opereta. Walisalimiana. Akamuuliza, bila kumpandishia sauti kama wafanyavyo watu wengi wanaodhani asiyeona hasikii, "Umepita peke yako?"

"Peke yangu."

"Naomba fimbo yako kidogo."

Opereta akampa. Mhandisi akarudi mpaka kwenye nguzo, akafumba macho, akaanza kutembea akigonga tofali. Alikwenda vizuri sana mpaka ukuta ulipoisha, akapoteza kamba, akamvaa yule fundi mrefu kifuani. Mafundi wakavunjika mbavu, halafu wakakumbuka ni nani, wakanyamaza. Mhandisi mwenyewe alikuwa anacheka.

"Umenyooka," alisema akirudisha fimbo. Akafikiri. "Kwenye michoro, mbele ya maduka tuliweka vyuma vifupi na minyororo, magari yasipande. Ukuta huu utafanya kazi ileile, na watu watapata pa kukaa. Mwenye jengo atakataa kwanza, kisha atakubali, ndivyo alivyo. Ila lazima niache mapengo matatu ya milango. Utayaweza mapengo, baba?"

"Mapengo mazuri. Nitajua niko duka gani."

"Basi malizieni," aliwaambia mafundi. "Kozi mbili, mistari miwili ya tofali, msizidishe. Na asionekane mtu na mchanga upande huu."

Miaka yote ile ishirini na sita opereta alikuwa amewaunganisha watu na watu wengine, akapewa asante za haraka, nyingine za hasira, na hakuwahi kujua zinakwenda wapi. Leo aliona zote zimerudi zimekuwa ukuta. Akasema, "Mungu awabariki," nayo ilitosha, kwa sababu sauti yake ilimsaliti na wote wakaangalia pembeni.

"Sisi hatujafanya kitu," Shemeji alisema. "Sisi tumekosea tu."

Viatu vikasogea. Binti yake alikuwa amesimama kwenye nguzo muda wote ule.

"Baba."

"Naam, mama."

"Ulijua niko nyuma yako?"

"Tangu mlangoni."

"Mbona hukusema?"

"Ungekuja kunishika mkono."

Binti alikwenda kwa nyapara, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akasema asante, kisha akaisema tena kwa mafundi, na asante ya pili haikutoka nzima. Nyapara alimwambia asijali, mzee ni wa kwetu sasa. Kisha kila mtu akapata kazi ya kufanya kwa ghafla, na baba na binti wakabaki wawili kwenye kona.

Kutoka pale mpaka ofisini kulikuwa na hatua sabini na kuvuka njia moja ndogo. Opereta alisubiri kiwiko chake kishikwe. Alisubiri pia yale maneno, kwamba leo imekuwa bahati, kwamba kesho ndoo itakuwa upande mwingine na Shemeji hatakuwepo. Yalikuwa maneno ya kweli.

Binti alitoa leso. Alichukua mkono wa baba yake, akamfuta saruji kidole kimoja kimoja, bila haraka, mpaka kwenye kucha. Aliweka sawa kola yake. Alikuwa analia, lakini polepole, kama mtu asiyetaka kuchelewesha wengine.

"Nina mwanafunzi saa mbili, mtaa wa nyuma," alisema.

"Utachelewa."

"Eeh. Jumapili uje kula. Watoto wanakuulizia." Akakunja leso. "Usingoje nije kukuchukua. Njoo tu."

"Nitakuja."

Akauachia mkono. Opereta akasikia visigino vikigeuka, vikaanza kwenda. Alijua ni wapi mtu anayempenda husimama kutazama nyuma. Alikuwa amevisikia visimamo hivyo maisha yake yote, na kila mara aliviacha vipite bila kusema. Alikingoja cha leo. Viatu vilifika kwenye nguzo, vikapita. Vilifika penye magari, vikangoja njia, vikavuka. Havikusimama, wala havikupunguza mwendo. Alibaki pale na fimbo yake akizisikiliza hatua za binti yake mpaka zikapotea mjini, na kwa kila hatua alimshukuru.